Kamba, Mafuta na Gundi: Chakula Kinavyofika Hadi Kwenye Mshiko wa Seli

Hotuba hii niliitoa wiki iliyopita mbele ya wanafunzi, wauguzi na wageni wengine. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa. Picha nimeziacha, na maneno nimeyanyoosha pale tu ulimi ulipoteleza.

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja: poleni, na asanteni.

Kabla sijapanda hapa nimefanya jambo dogo kule nyuma, kwenye ile meza yenye hadubini mbili. Kuna sahani mbili za seli. Ni seli za figo ya mbwa, za ukoo ambao maabara zimekuwa zikiukuza tangu 1958, na sifa yake kubwa ni kushikana. Ukizitazama zimepangana kama vigae vya sakafu, hakuna nafasi kati ya hiki na kile. Sahani ya kwanza sijaigusa. Ya pili nimeiondolea madini moja tu. Ni madini gani? Sisemi. Tutakwenda kuitazama mwisho.

Sasa niwaulize. Mtu akitaja chakula, mnafikiria nini? Nguvu. Shibe. Uzito. Sukari kupanda, sukari kushuka. Yote ni kweli. Lakini leo nawaomba tukitazame chakula kwa jicho la fundi, mtu ambaye akipewa kitu hukibonyeza, hukivuta, kisha hujaribu kukibandua. Seli yako ni laini kiasi gani? Ikivutwa, inarudi? Imemshika jirani yake kwa nguvu gani? Hayo ni maswali ya fundi, na sehemu ya majibu yake inapitia mdomoni.

Nianze na jeraha.

Mwaka 1740 kamanda George Anson aliondoka Uingereza na meli zake, akiwa na watu wapatao 1,900. Zaidi ya elfu moja hawakurudi. Waliouawa na adui walikuwa wachache mno. Wengi walikufa kwa maradhi, na kiseyeye kilikuwa mbele ya yote. Fizi zilivimba zikatoka damu, meno yakalegea, ngozi ikajaa madoa. Lakini katika taarifa ya safari hiyo, iliyochapishwa 1748, kuna mtu mmoja ambaye mimi huwa simsahau. Alikuwa mzee. Alijeruhiwa vitani kule Boyne, Ireland, mwaka 1690. Jeraha lilipona, likafunga, akaishi nalo miaka hamsini. Ndani ya meli, kiseyeye kilipomshika, jeraha lile likafunguka upya. Na mfupa ambao uliwahi kuvunjika ukaungika, ukaachana tena kana kwamba haukuungika kamwe.

Miaka hamsini! Kovu limekauka, mtu amezeeka nalo, kisha linaachia. Kwa nini?

Kwa sababu kovu halijakamilika hata siku moja. Tunaliona kama kiraka kilichoshonwa tukasahau, kumbe ni kazi inayoendelea. Kila siku kolajeni ya zamani inavunjwa, kila siku mpya inawekwa mahali pake. Kolajeni ndiyo kamba ya mwili. Ni protini iliyo nyingi kuliko nyingine yoyote tuliyonayo, na seli nyingi za ngozi, mifupa na mishipa zimejifunga kwenye kamba hiyo. Uwekaji ukisimama huku uvunjaji unaendelea, bandu bandu huisha gogo. Mzee wetu hakupata jeraha jipya. Lile la zamani lilikosa mafundi.

Na mafundi walikosa nini? Vitamini C. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo pananipendeza kuliko pote. Kolajeni husokotwa kwa nyuzi tatu, kama kamba. Ili zisokotane zikakaza, kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, vinavyopachika oksijeni na haidrojeni katika sehemu fulani za kila uzi, na vimeng'enya hivyo vinaihitaji vitamini C ili viendelee kufanya kazi. Bila ya kazi hiyo kamba bado inaweza kusokotwa, ila inalegea ikifika karibu nyuzijoto 24. Na mwili wako una nyuzijoto ngapi? 37. Mnaona? Mtu mwenye kiseyeye anatengeneza kamba inayofumuka kwa joto la mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye meli ya Salisbury, aliwachukua mabaharia kumi na wawili wagonjwa akawagawa wawili wawili. Wengine aliwapa siki, wengine maji ya bahari, wengine mvinyo wa tufaha. Wawili walipata machungwa na malimau. Baada ya siku sita mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Hata hivyo wakuu wa jeshi la majini walichelewa hadi 1795 ndipo wakaagiza maji ya limau yagawiwe melini. Miaka arobaini na minane! Nikisikia watu wakilalamika kwamba siku hizi matokeo ya utafiti yanachukua muda kufika hospitalini, huwakumbuka wale mabaharia.

Na kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Miligramu 10 kwa siku zinatosha kukizuia kiseyeye. Wanaokunywa vidonge vya miligramu elfu moja wakitumaini kamba zao zitakuwa ngumu mara mia, nasikitika kuwaambia kwamba fundi akishapata nyundo, nyundo ya pili haimwongezei kasi.

Tupite haraka kwenye shaba, kwa sababu ni hadithi ile ile kwa sura nyingine. Kamba zikishasokotwa lazima zifungwe pamoja, ubavu kwa ubavu, na kimeng'enya kinachofunga kinahitaji shaba. Nguruwe na vifaranga waliolishwa chakula kisicho na shaba walikufa ghafla. Walipopasuliwa ilionekana kwamba mshipa mkuu wa damu umepasuka. Moyo ulikuwa mzima, damu ilikuwepo. Ukuta wa mshipa ndio ulioshindwa kustahimili pigo la kila sekunde. Narudia: walikula wakashiba, na bado walikufa kwa kukosa vifungo.

Haya, tutoke huko nje ya seli, kwenye kamba, tuingie kwenye ngozi ya seli yenyewe. Tuzungumze mafuta.

Chukueni seli nyekundu ya damu. Upana wake ni kama mikromita 8, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuna mishipa myembamba mwilini yenye upana wa mikromita 3 hivi. Inapitaje? Inajikunja. Inajibana, inateleza, ikitoka upande wa pili inarudi kwenye umbo lake, na hufanya hivyo kwa siku zipatazo 120. Mtihani mgumu kuliko wote uko kwenye bandama, ambako seli hulazimika kupenya nyufa zilizo nyembamba kuliko hata mishipa hiyo. Inayopenya inaendelea na safari. Iliyokakamaa inanaswa pale pale na kumezwa. Bandama haiulizi umri wala haisomi cheti. Inapima ulaini tu.

Ulaini huo unatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwenye wavu wa protini ulio chini ya utando, yaani hiyo ngozi ya seli, na sehemu nyingine kwenye mafuta ya utando wenyewe. Asidi za mafuta yanayoganda, kama ya siagi, zina mikia iliyonyooka; zinalala pamoja kama kuni kwenye tita. Zile za mafuta ya samaki na ya mbegu nyingi zina mikia iliyopinda; hazipangiki, kwa hiyo zinaacha nafasi ya kuteleza. Na utando wa seli nyekundu unaufuata ulaji wako. Ukibadili aina ya mafuta unayokula, baada ya wiki kadhaa damu yako ikipimwa mabadiliko yanaonekana kwenye utando. Mnaelewa maana yake? Ulichokula mwezi uliopita kimekuwa sehemu ya ukuta.

Msikimbilie mbali lakini. Mwili si beseni la kuchanganyia. Ukiuletea mikia mingi iliyopinda, unaweza kuongeza kolesteroli au kupanga upya vitu vingine ili ulaini wa jumla usiyumbe sana. Kinachobadilika zaidi ni mambo ya mahali mahali: hapa utando unakunjika kwa urahisi zaidi, pale mlango fulani wa protini unafunguka kwa wepesi zaidi.

Hilo la milango lina kisa kizuri cha mnyoo mmoja. Ni mnyoo mdogo, milimita moja tu, uwazi kama kioo, na ana seli sita za neva za kuhisi mguso mwepesi. Unajua wanasayansi humgusa kwa kutumia nini? Unywele wa nyusi uliobandikwa kwenye kijiti. Mabilioni ya fedha duniani yanatumika kwenye mashine, na huku mtu ameketi anamtekenya mnyoo kwa unywele wa nyusi wake mwenyewe. Basi, mnyoo wa kawaida akiguswa hurudi nyuma. Utafiti uliotoka 2014 uliwatazama minyoo wasioweza kutengeneza asidi za mafuta zenye mikia mirefu iliyopinda mara nyingi. Hao wakiguswa huitikia kwa uvivu. Wakilishwa mafuta yale yanayokosekana, hisia inarudi. Watafiti wakaenda mbali zaidi: wakazishika seli za neva, wakavuta utando ukatoka uzi mwembamba, wakapima nguvu inayohitajika kuuvuta. Utando wenye mafuta yale ulivutika kwa urahisi zaidi kuliko ule uliokosa. Naona hapo mnyororo wote umefungwa pingu kwa pingu: chakula, utando, ulaini, hisia.

Na msidhani haya ni ya minyoo peke yao. Ardem Patapoutian, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius, ndiye ambaye maabara yake ilitangaza mwaka 2010 milango iitwayo Piezo, ile inayofunguka utando unapovutwa. Tunayo sisi. Inatumika katika mguso na hata katika seli nyekundu za damu. Mwaka 2019 ikaonyeshwa kwamba asidi za mafuta za kwenye chakula zinaurekebisha mlango huo: moja inauzuia usifunguke kirahisi, nyingine inabadilisha kasi ya kujifunga kwake.

Kuna mtu ameniuliza kabla ya kuanza: sasa hii ya kushikana iko wapi? Tumefika.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kazi ya kuzibandua seli kwenye sahani. Kazi ya dakika tano. Unamwaga maji ya lishe, unasuuza, unaweka dawa ya kubandulia, unasubiri. Mimi nikasahau kusuuza. Nikasubiri dakika tano, kumi, nusu saa. Seli zimeng'ang'ania kama kupe. Mwalimu wangu akaja, akatazama, akacheka, akasema, "Umeziachia kalsiamu yao."

Ndiyo, madini niliyoyaondoa kwenye sahani ile ya pili ni kalsiamu. Wengine mlikwisha kisia, nimewaona mkinong'onezana.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1900 Mjerumani Curt Herbst aliviweka viinitete vya urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, katika maji ya bahari yasiyo na kalsiamu. Seli zikaachana, kila moja kivyake. Akazirudisha kwenye maji ya kawaida, zikaanza kushikana tena. Kilichokuwa kinazishika hakikujulikana kwa miongo mingi, hadi alipotokea Masatoshi Takeichi wa Japani. Na yeye aliokotea jibu kwenye kero. Alihama maabara, akafanya kazi ile ile aliyoizoea nyumbani, seli zikakataa kushikana. Kuchunguza, akakuta dawa ya kubandulia ya maabara mpya ina kitu kinachonyakua kalsiamu, na ile ya kwao haina. Kwenye tofauti hiyo ndogo ikatokea familia ya protini ambazo baadaye aliziita kadherini.

Kadherini ni mkono unaotoka kwenye seli moja kwenda kushika mkono wa namna hiyo hiyo wa seli ya jirani. Kalsiamu inakaa kwenye viungo vya mkono huo na kuukaza. Bila kalsiamu mkono unalegea kama kamba mbichi, na vimeng'enya vinautafuna. Mkono mmoja peke yake una nguvu ndogo sana, lakini kidole kimoja hakivunji chawa: seli hupanga mikono mingi mahali pamoja, na kwa ndani huifunga kwenye kiunzi chake.

Hapa sasa niwe mkali kidogo, maana najua yatakayosemwa mtakapotoka nje. Je, mtu akila kalsiamu nyingi seli zake zitashikana zaidi? Hapana. Hapana kabisa. Kalsiamu ya kwenye damu inalindwa kama mboni ya jicho. Ikipungua kidogo, tezi zilizo shingoni zinaagiza itolewe kwenye mifupa, ambako asilimia 99 ya kalsiamu yote imewekwa akiba. Ndiyo maana mtu anayekosa kalsiamu miaka mingi hapasuki vipande kama kiinitete cha Herbst. Anavunjika nyonga. Mwili unaulipa mshiko wa seli kwa kuuza mifupa. Kwenye sahani hakuna mifupa, hakuna tezi, kwa hiyo ukitoa kalsiamu seli zinaachana papo hapo. Tofauti ya sahani na mtu ni hiyo, nami naomba mtoke hapa mkiwa nayo vichwani kuliko jina lolote nililolitaja.

Nina sababu ya kusisitiza. Kuna hadubini ya sindano inayoweza kubonyeza seli moja na kupima ugumu wake. Kwa chombo hicho imeonekana kwamba seli nyingi za saratani zilizosambaa mwilini ni laini kuliko seli za kawaida, na mantiki ipo: lililo laini hupenya. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wakaziweka seli kama hizo kwenye dondoo la chai ya kijani, nazo zikakakamaa hadi kukaribia seli za kawaida. Ni kazi safi. Lakini ilifanyika kwenye sahani! Viambato vile ukivinywa, kinachopita utumbo na ini na kufika kwenye damu ni kidogo. Mtu akikuuzia majani kwa kutumia utafiti ule, muulize sahani iko wapi.

Utumbo mpana hata hivyo una njia yake ya mkato. Nyuzinyuzi za mboga na nafaka hatuwezi kuzimeng'enya, lakini bakteria wanaweza, na wakimaliza wanatoa asidi iitwayo butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama kuni za kupata nguvu, na pia hukaza maungio kati yao. Tabaka la ndani la ukuta huo lina unene wa seli moja. Seli moja tu, kati yako na vyote vilivyomo humo. Hapo chakula hakihitaji kusafiri, kinafanya kazi kwenye mlango alioingilia mgeni.

La mwisho ni sukari, na sitakaa sana. Sukari iliyozidi kwenye damu kwa muda mrefu hujibandika yenyewe kwenye protini bila kimeng'enya chochote. Madaktari wanautumia mbandiko huo kila siku: kile kipimo cha kisukari kinachosoma miezi miwili mitatu iliyopita kinahesabu sukari iliyojibandika kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Seli nyekundu huondoka na mzigo wake baada ya siku 120. Kolajeni je? Nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua kama miaka 15 kubadilishwa, na ya gegedu imekadiriwa kuwa zaidi ya karne. Sukari iliyojibandika huko inabaki, inaunganisha kamba na kamba pasipotakiwa, na tishu inakakamaa.

Na seli iliyokaa juu ya kamba zilizokakamaa inajua. Mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher na wenzao waliweka seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa seli za namna gani, za aina moja juu ya jeli zenye ugumu tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kilopaskali ni kipimo cha ugumu), zilianza kufanana na neva. Kwenye jeli ya kilopaskali kumi hivi, ugumu wa msuli, zikaelekea kuwa msuli. Kwenye zaidi ya 25, zikaelekea mfupa. Chakula cha seli kilikuwa kile kile, kilichotofautiana ni godoro. Seli hushika, huvuta, husikiliza jinsi kinachovutwa kinavyokataa, kisha huamua.

Naona mwenye saa ananionyesha saa. Twendeni kwenye meza. Sahani ya kushoto mtakuta vigae vyangu vimetulia. Ya kulia ni shanga zilizokatikiwa uzi, kila moja duara, kila moja kivyake, na ukiitikisa zinaogelea. Kwenye kichupa kile nimeandaa kalsiamu. Nani ana mkono usiotetemeka?

*Nyongeza: kalsiamu ilitiwa na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, saa tano asubuhi. Hadi saa kumi jioni seli zilikuwa zimeshikana tena karibu sahani nzima. Kona moja haikushikana. Nadhani ndiyo niliyoigonga nilipokuwa nabeba sahani kuwaonyesha waliokaa nyuma.*